Jumatano Saa Sita Katika Bunge la London: Namna ya Kuwapima Viongozi kwa Maswali na Majibu

Kando ya mto Thames, katika mji wa London, pana jumba kubwa la mawe lenye mnara wa saa ambao mlio wa kengele yake wajulikana ulimwenguni kote. Mwenyeji wa Nairobi aliyezoea kuutazama mnara wa saa wa Bunge la nchi yake, uliojengwa katika miaka ya 1950, hatauona mnara huo kuwa mgeni kabisa. Atakuwa kama mtu anayeonana na babu ya rafiki yake. Ndani ya jumba hilo, kila Jumatano Bunge linapokutana, saa sita kamili mchana, hufanyika jambo ambalo watu wengi husafiri kwenda kulitazama. Waziri Mkuu husimama kwa muda wa nusu saa kuulizwa maswali, na wanaomwuliza si rafiki zake tu, bali hata wale wanaokitaka kiti chake.

Mgeni huingia kwa kupitia Westminster Hall, ukumbi ulioanza kujengwa mwaka 1097. Hapo ndipo Mfalme Charles wa Kwanza alipohukumiwa kufa mwaka 1649, na mtu akanyagaye mawe yale hukumbushwa kwamba nchi hiyo ilijifunza kwa gharama kubwa kuwa mwenye mamlaka hana budi kujibu. Kutoka hapo hufika katika ukumbi wa pembe nane, kisha hupanda ngazi hadi roshani ya wageni. Siku ya Jumatano raia wenye tikiti walizopewa bure na wajumbe wao hutangulizwa. Mgeni wa ng'ambo hungoja nafasi ikibaki. Mbele ya roshani pana kioo kizito kilichowekwa mwaka 2004. Mwezi wa Mei mwaka uo huo, watu waliokuwa wameketi mbele ya kioo hicho, katika viti vya wageni wa heshima, walimtupia Waziri Mkuu Tony Blair mifuko ya unga wa rangi ya zambarau wakati wa maswali haya haya, hata Bunge likaahirishwa kwa muda.

Jambo la kwanza limshangazalo mgeni ni udogo wa ukumbi wenyewe. Ukumbi wa zamani uliharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani usiku wa tarehe 10 Mei, 1941. Ilipofikiriwa kuujenga upya, Winston Churchill aliwashauri wajumbe mwezi Oktoba 1943 kwamba usibadilishwe umbo: pande mbili zitazamane, na wala usiwe mkubwa hata kuwatosha wajumbe wote. Alieleza kwamba ukumbi mkubwa huwa mtupu siku nyingi, na mazungumzo katika nyumba tupu hupoa. Shauri lake likafuatwa, na ukumbi mpya ukafunguliwa Oktoba 1950. Leo wajumbe ni 650, lakini viti vyatosha watu 427 tu. Kwa sababu hiyo siku ya Jumatano wengine husimama mlangoni na kando ya kiti cha Spika, wakibanana kama abiria wa basi la jioni.

Nchi nyingi zilileta zawadi kwa ukumbi huo mpya. Kiti cha Spika kilitoka Australia, meza kubwa ya katikati ilitoka Canada, na masanduku mawili yaliyo juu ya meza, ambayo viongozi huweka karatasi zao juu yake, yalitoka New Zealand. Juu ya zulia pana mistari miwili myekundu ambayo mjumbe asemaye haruhusiwi kuivuka. Husemwa kwamba nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ni urefu wa panga mbili, ili watu wagombane kwa maneno peke yake.

Na maneno yenyewe yana sheria zake. Mjumbe hamsemeshi mwenzake, bali husema na Spika. Haruhusiwi kumwita mwingine mwongo. Kupiga makofi hakupendezi huko, basi wajumbe hupunga karatasi, hucheka na kunguruma, mpaka Spika asimame na kuwataka watulie. Mgeni aliyelelewa katika baraza la wazee, ambako mmoja husema na wengine hunyamaza, huenda akaona jambo hilo kuwa utovu wa adabu. Waingereza wengi wenyewe husema vivyo hivyo.

Desturi hii ya kumpa Waziri Mkuu saa yake maalum ya maswali si ya kale sana. Ilitengenezwa rasmi mwaka 1961, wakati wa Harold Macmillan, ikawa Jumanne na Alhamisi, dakika kumi na tano kila siku. Mwaka 1997 Tony Blair aliziunganisha siku hizo mbili kuwa nusu saa moja ya Jumatano. Na tangu 2003 saa yake imekuwa saa sita mchana. Tangu Novemba 1989, mambo ya ukumbi huo yalipoanza kuonyeshwa katika televisheni, hakimu si mwenye kuketi katika roshani tu, bali kila mtu mwenye chombo hicho nyumbani.

Majina ya wajumbe kumi na watano huchaguliwa kwa kura ya bahati. Mbali na hao, Kiongozi wa Upinzani hupewa maswali sita, na kiongozi wa chama cha tatu kwa ukubwa hupewa mawili. Waziri Mkuu haambiwi mapema atakaloulizwa na Kiongozi wa Upinzani. Huenda likawa la hospitali, la vita, la bei ya chakula, au la mwenendo wa mmoja wa mawaziri wake. Kwa hiyo huja na faili nene lililopangwa kwa uangalifu, na karani ye yote wa Serikali atakayeliona ataelewa mara moja ni usiku mingapi watu wametumia kulitayarisha. Blair mwenyewe, baada ya kuacha kazi, aliandika kwamba katika kazi zote za Waziri Mkuu hakuna iliyomtia hofu kama nusu saa hiyo.

Punde saa inapokwisha, waandishi wa magazeti hutoa hukumu: nani ameshinda, nani ameshindwa. Wengine hutoa alama kama mwalimu asahihishaye madaftari. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na gazeti lipendalo chama fulani huona ushindi wa chama hicho hata pale ambapo wengine hawakuuona. Basi yampasa msikilizaji awe na kipimo chake mwenyewe.

Kipimo cha kwanza ni uzito wa neno lenyewe. Aprili 1995, Blair, akiwa angali Kiongozi wa Upinzani, alimwambia Waziri Mkuu John Major, ambaye chama chake kilikuwa kimegawanyika juu ya mambo ya Ulaya, kwamba yeye hukiongoza chama chake, lakini mwenziwe hukifuata chake. Novemba 2007, Vince Cable wa chama cha Liberal Democrats alisema kwamba Bunge limeona jinsi Waziri Mkuu Gordon Brown alivyogeuka kwa majuma machache kutoka Stalin na kuwa Mr Bean, yule mchekeshaji wa televisheni. Ukumbi mzima ulicheka. Maneno hayo mawili yalichoma kwa sababu watu walikwisha kuwaza hivyo; kijembe hakiumi mahali pasipo na kidonda. Dhihaka isiyo na ukweli ndani yake husahauliwa kabla ya chakula cha mchana.

Kipimo cha pili ni kufuata swali mpaka mwisho. Septemba 2015, Jeremy Corbyn alipoingia ukumbini kwa mara ya kwanza kama Kiongozi wa Upinzani, aliacha dhihaka akasoma maswali ya raia, akichagua katika barua zaidi ya 40,000 alizoletewa. Aliuliza habari za nyumba, za misaada kwa wenye mishahara midogo, na za wagonjwa wa akili. Kelele zilitulia, na wengi walishukuru kusikia sauti ya watu wa kawaida mahali pale. Lakini maswali sita yalipogawanywa kwa mambo matatu, Waziri Mkuu David Cameron aliweza kujibu kila moja kwa upole na kupita. Swali jema lisilo na la pili nyuma yake ni kama mlango uliobishwa mara moja tu. Aliye ndani aweza kukaa kimya.

Kipimo cha tatu ni watu wa kiongozi mwenyewe. Wale waketio nyuma yake nao ni mahakimu, na hukumu yao ndiyo iliyo kali kuliko zote. Iain Duncan Smith, aliyekiongoza chama cha Conservative tangu 2001, mara nyingi alionekana dhaifu mbele ya Blair, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyowakatisha tamaa wenzake. Tarehe 29 Oktoba, 2003, wajumbe wa chama chake walimwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75.

Lakini hapa yafaa kusimama kidogo na kumfikiri William Hague. Tangu 1997 hadi 2001 alikuwa Kiongozi wa Upinzani, na watu wengi, hata wa upande wa pili, walikiri kwamba alikuwa hodari kuliko wote katika saa hiyo. Alikuwa na ulimi mwepesi na ucheshi, na Jumatano nyingi Blair alitoka ukumbini ameshindwa kwa maneno. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Juni 2001, chama cha Blair kilipata viti zaidi ya 400 na chama cha Hague kikapata 166 tu. Wapiga kura walikuwa na kipimo kingine. Walifikiri mishahara yao, shule za watoto wao na hospitali zao, wala hawakuona kwamba mshindi wa Jumatano ndiye awezaye kuwatengenezea mambo hayo.

Kipimo cha mwisho, nacho ndicho kikubwa, ni ukweli. Tarehe 1 Desemba, 2021, Waziri Mkuu Boris Johnson aliulizwa juu ya karamu zilizosemekana kufanyika katika ofisi yake wakati raia walipokatazwa kukutana kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Alijibu kwamba maagizo yote yalifuatwa kikamilifu. Siku ile jibu hilo lilipita, na wafuasi wake wakapaza sauti za kumsifu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na jibu lililotolewa Bungeni huandikwa neno kwa neno na kuwekwa. Juni 2023 kamati ya wajumbe, baada ya kuchunguza majibu yake mbalimbali, ilisema kwamba alilipotosha Bunge kwa kusudi, na Bunge likakubali taarifa hiyo kwa kura 354 dhidi ya 7. Wakati huo Johnson alikuwa amekwisha kujiuzulu ujumbe wake. Hukumu ya kweli ya Jumatano moja ilikawia miezi kumi na minane, lakini ilifika.

Desturi hii ina uhusiano na Kenya pia. Eliud Mathu alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, aliingia katika nyumba iliyofuata taratibu za London. Raila Odinga, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2013, naye alikuwa na wakati wake wa kujibu maswali mbele ya wajumbe. Na Novemba 2024, aliyesimama katika ukumbi wa London kumwuliza Waziri Mkuu maswali sita alikuwa Kemi Badenoch, mwana wa wazazi wa Kinigeria aliyekulia Lagos. Mambo yaliyodhaniwa kuwa ya watu fulani tu sasa ni ya wote.

Mwaka 2005 David Cameron, siku yake ya kwanza ya kushindana na Blair katika maswali haya, alimwambia kwamba zamani Blair alikuwa ndiye kesho ya nchi. Ukumbi ulicheka sana. Julai 2016, siku yake ya mwisho kama Waziri Mkuu, Cameron alisimama mahali palepale alipokuwa amesimama Blair, akajisemea mwenyewe neno lile lile: kwamba naye zamani alikuwa ndiye kesho. Kisha akakusanya karatasi zake akatoka.

Basi mtu atakayesikiliza maswali ya Bunge, ama la London, ama la nchi yake, asiwe mwepesi kuuliza nani amechekesha. Na ajiulize mambo matatu: Je, swali lilikuwa la haja? Je, lilijibiwa? Na je, jibu lile litasimama mwakani? Akifanya hivyo, atakuwa hakimu mwema kuliko wengi wanaotoa alama.