Nilianzia kwenye Gunia

Bibi yangu wa Unguja alishona kofia mpaka macho yalipomkatalia. Zilikuwa kofia za viua, zile zenye vitobo vingi vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukakaza. Kofia moja ilimla miezi. Nilipofika miaka minane alinikalisha mkekani ubavuni pake, akanipa kitambaa cheupe, sindano nyembamba na kazi ya kitobo kimoja tu. Nikakiharibu. Akanipa cha pili, nacho nikakiharibu. Kabla ya mwezi kwisha nilikwisha kata shauri kwamba mkono wangu haukuumbiwa sindano, na tangu hapo hata kifungo kikinidondoka nilikwenda kwa fundi cherehani.

Idodi, kijiji cha Iringa, sikwenda kushona. Nilikwenda kumwona kaka yangu, ambaye anafundisha huko na huko huko ameoa. Ilikuwa mwezi wa Julai, na kabla ya hapo bara nilikuwa sijavuka Morogoro.

Boti ilinitua Dar es Salaam asubuhi. Njiani kwenda Mbezi daladala ilipita Urafiki, kiwanda cha nguo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mama aliyekaa karibu nami akanionyesha kwa kidole, akasema kanga zake za harusi zilitoka pale. Nililala Mbezi, alfajiri nikapanda basi la Iringa.

Siku ile sikufumba jicho. Hifadhi ya Mikumi imekatwa na barabara kuu, kiasi cha kilomita 50, basi linapita na wanyama wanakula majani kando. Mimi ni mtu wa kisiwa ambacho mnyama wa kukimbiliwa kutazamwa ni kima punju wa Jozani. Nilipoona twiga amesimama karibu na lami, nilimshika mkono abiria wa jirani bila kumwomba radhi. Kisha ikaja Ruaha Mbuyuni. Kwetu mbuyu ni mmoja mmoja, na kila mmoja una hadithi yake na wenyewe wasioonekana. Pale mibuyu imejaa milimani kama minazi ya Bumbwini, na chini yake watu wanauza vitunguu kwa utulivu kabisa. Tukapanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, bonde likiwa chini ya dirisha langu na masikio yakiziba, na jioni tukaingia Iringa mjini.

Baridi ya Iringa sikuwa nimeambiwa sawasawa. Nilidhani ni ile ya kipupwe ya kwetu, ya kujitanda kanga ya pili. Hii inaingia mifupani. Nilinunua sweta la mtumba kwa mwanga wa taa, nikalivaa hapo hapo, na asubuhi ndipo nilipoliona tundu la kiwiko, kubwa la kupitisha kidole gumba.

Siku ya tatu nikapanda gari dogo kwa barabara ya Msembe, ile ya kilomita 104 inayokwenda Hifadhi ya Ruaha. Tulipita Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe na ambako fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Baada ya hapo ni vumbi, na jambo ambalo sikulitegemea: tulikuwa tunashuka. Kila baada ya muda nilivua kitu, kwanza mtandio wa juu, kisha sweta. Nilipoteremka Idodi jua lilikuwa kali kama la Makunduchi, ardhi imetandazika, mifereji inapita kati ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa karibuni, na milima imesimama nyuma kama ukuta wa uani. Wamasai wawili wa shuka nyekundu walinipita na ng'ombe wao. Wanawake waliobeba kuni walinisalimu, "Kamwene!" nami nikawa natabasamu tu mpaka wifi aliponifunza kujibu.

Nyumbani kwa mama yake wifi nilikuta uwanja umejaa magunia. Mavuno yalikuwa yamekwisha pigwa na kupepetwa, na Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anashona midomo ya magunia kwa uzi wa katani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za bahari kama mtu anayeuliza habari za jamaa. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sindano yake. Ndefu kama kidole cha kati, imepinda kidogo nchani.

"Mama, hiyo mnaiitaje?"

"Sindano ya magunia, mwanangu. Kwani kwenu hakuna?"

Iko. Kwetu ndiyo shazia, tunashonea ukili kuunganisha mkeka. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini, na nadhani Mama aliiona furaha hiyo, kwa sababu alinisogezea gunia. Kiganjani alikuwa ameweka kipande cha soli ya kandambili cha kusukumia sindano, akanipa nacho.

Nikashona. Mshono wa kwanza ulikuwa mpana, wa pili mwembamba, wa tatu ulivuta mdomo wa gunia ukakunjamana. Lakini safari hii nililiona kosa. Kwenye kofia ya Bibi kosa lilikuwa dogo kuliko macho yangu ya mtoto, nikijua tu kwamba nimekosea. Kwenye gunia kosa lilikuwa wazi kama mlango: hapa umechukua ukingo mdogo, uzi utakata, hapa umevuta mno, legeza. Mama hakunifumulia. Aliniacha nimalize, kisha akaliinamisha gunia, na pale penye mshono mwembamba mpunga ukachuruzika. "Umeona mwenyewe," akasema. Gunia la pili halikumwaga punje.

Siku ya nne nilifuatana na wifi kutazama mfereji, na kichakani mwiba wa mgunga ukanishika dera. Nilijivuta kwa haraka, na kitambaa kikachanika kwa pembe, mstari mmoja wa kwenda chini na mmoja wa kwenda kando, karibu na goti. Nikauliza fundi cherehani yuko wapi. Yupo, barazani karibu na maduka, lakini msimu ule wa mavuno ana foleni. Mama akasema tutalishona wenyewe, na kwamba cherehani kwa mchano wa pembe mara nyingi inapita juu juu na kuacha ugumu.

Jioni ile haikuguswa sindano. Kwanza dera lilifuliwa. Nguo chafu haishonwi, alisema, vumbi linakula uzi, na kitambaa ambacho hakijafuliwa kitakuja kujikunyata baadaye na kuvuta kiraka. Asubuhi ya siku ya tano alilipindua ndani nje, akalinyanyua likaelekea jua. Mwanga ulipita kwenye mchano, hilo nililitegemea, lakini ulipita pia hafifu kuuzunguka, mahali ambapo kwa macho yangu nguo ilikuwa nzima. Akachora duara kuifuata ile sehemu nyembamba kwa kipande kikavu cha sabuni ya mche.

"Sindano inaanzia nje ya mstari huu. Ukishona kwenye tundu unashona nini? Tundu halishiki uzi. Shika penye uzima."

Kwa miaka yote nilikuwa nikidhani kushona nguo iliyochanika ni kukutanisha midomo miwili ya mchano. Ndivyo nilivyojaribu utotoni, na ndiyo maana kila nilichokishona kilichanika tena pembeni.

Kiraka tulikitoa kwenye pindo la dera lenyewe, ambalo lilikuwa pana, ili rangi na umri wa kitambaa vilingane. Kilizidi duara la sabuni kwa vidole viwili kila upande. Pembe zake Mama alizikata zikawa mviringo, maana pembe kali huinuka na kunasa. Akanionyesha kwamba kitambaa kina nyuzi za kusimama na nyuzi za kulala, na kiraka lazima kilale kama nguo inavyolala. Kikienda mshazari kitavuta siku ya kwanza ya kuvaliwa. Mimi nililijua hili kwa jina jingine: chane za mkeka. Mkeka ulioshonwa ukili mmoja kinyume hautandiki.

Uzi aliukata urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kupita kiwiko kidogo, si zaidi, kwani uzi mrefu hujisokota ukafunga mafundo. Ncha aliikata mshazari ili iingie kwenye tundu la sindano. Kisha akaupitisha uzi mara mbili juu ya kidonge cha nta ya nyuki, rangi ya kahawia, kilichonukia asali na moshi. Uzi uliotoka pale ulikuwa mwingine kabisa, umenyooka, haupepesuki, unateleza kwenye nguo. Bibi yangu hakuwa na nta. Nilikuwa nikimwona anaulamba uzi na kuusokota kwa vidole, mara kumi kwa jioni moja.

Tukapiga bandi kwanza, mishono mikubwa ya kushikiza tu, ya kufumuliwa baadaye. Ndipo ukingo wa kiraka ukakunjwa ndani na kushonwa kwa mishono midogo, sindano ikichukua uzi mmoja au nyuzi mbili tu za nguo ya juu, ili upande wa nje pasionekane kitu ila vidoa kama vya mchanga. Kisha tukageuza, midomo ya mchano ikalazwa na kushonewa juu ya kiraka. Kwenye ile pembe ya mchano, panapovutwa kila unapopiga hatua, alinifunza mshono wa kurudi: sindano inatangulia hatua mbili kwa chini, inarudi moja kwa juu, inatangulia tena mbili. Huo, alisema, ndio wa kwapa na wa msamba wa suruali. Ule wa kwenda mbele tu ukikatika mahali pamoja huachia wote.

Ilinichukua asubuhi nzima. Fundi angemaliza kabla chai haijapoa, najua. Lakini kiraka kile ni kitu cha kwanza nilichokishona kikabaki.

Wakati tunashona, Mama alinihadithia miaka iliyofuata vita vya Kagera, vilivyopiganwa 1978 na 1979. Nguo hazikuwamo madukani, sabuni nazo kwa bahati. Alikuwa msichana. Nyumba tatu za jirani zilikuwa na sindano moja, na anayeiazima anairudisha kabla ya giza, imechomekwa kwenye kitambaa ili isipotee. Sketi ya mama yake ikawa blauzi yake, blauzi ikawa kofia ya mtoto. Mitumba iliporuhusiwa kuingia, katikati ya miaka ya 1980, wengi waliacha viraka. Yeye hakuacha.

Hilo nililiona kesho yake gulioni. Mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya turubai, watu wameinama. Mimi nilichagua kwa rangi. Mama alichagua kwa jua: kila shati aliliinua, akatazama kwapa, shingo, kisha mkunjo wa kiwiko. Moja lililochakaa mgongo alilinunua kwa furaha, nikashangaa. "Hili silinunulii mgongo," akasema. Lilikuwa na vifungo saba vizima na mikono miwili ya kutosha viraka vya mwaka.

Kwenye kamba ya nguo nyumbani kwake kulikuwa na sketi ya shule ya buluu ya mjukuu wake. Upande wa chini ilikuwa na mistari miwili ya rangi iliyokolea, mmoja juu ya mwingine. Wifi akanieleza: sketi hushonwa na pindo pana, na kila mwaka mtoto anaporefuka pindo hufumuliwa kidogo, na pale palipokuwa mkunjo hubaki mstari ambao jua halikuufikia. Mistari miwili, miaka miwili. Nilisimama naitazama sketi ile muda mrefu kuliko nilivyomtazama twiga.

Siku ya mwisho tulilitengeneza sweta la Iringa. Mama aliingiza kibuyu kidogo ndani ya mkono wa sweta, tundu likakaa juu ya mviringo wake bila kuvutika. Akatandaza nyuzi za kusimama, zimepangana kama boriti za dari, akianzia, nilikwisha jua sasa, mbali na tundu. Kisha akanipa sindano. Moja juu, moja chini, ukirudi unageuza, iliyokuwa juu inakuwa chini. Nilicheka kwa sauti. Ule ulikuwa ukili! Nilikuwa nausuka tangu nina miaka sita, kwa mikono ile ile niliyoambiwa, na aliyeniambia ni mimi mwenyewe, kwamba haikuumbiwa sindano. Tundu lilizibika kabla ya jua kufika utosini, na Mama alipitisha kidole juu yake bila kusema neno.

Aliponisindikiza kwenye gari alinipa mfuko wa mchele, na ndani yake kidonge cha nta kimefungwa kwenye jani.

Unguja nilimkuta Bibi barazani. Nilikuwa nimevaa dera lile lile. Hakuuliza safari; alilishika karibu na goti, akaligeuza ndani nje kabla ya kulitazama nje, kama Mama alivyofanya, akaupapasa mshono wa kurudi kwa ncha ya kidole kwa kuwa macho hayamfai tena. "Nani kashona?"

Nikamwambia. Alinyamaza. Kisha nikamwekea nta kiganjani, akainusa, akaniagiza kikapu chake chini ya kitanda, ambacho sikukiona kikifunguliwa kwa miaka mingi. Uzi nilimtungia mimi.