Harufu Ile Haikuwa Yake

 

Neno la leo ni refu kidogo. Kama uko ndani ya matatu, tulia usome hadi mwisho. Kama uko kazini, lihifadhi ulisome jioni. Linaanza na paka na kasha la gitaa, lakini ni toba yangu mimi mchungaji wenu. Kijana nitakayemtaja amenipa ruhusa niandike.

Mnalijua kanisa letu hapa Kamakis. Ni la mabati, na kushoto na kulia kwetu ni wachoma nyama. Jumamosi jioni moshi wa mbuzi unatambaa kando ya Eastern Bypass mpaka hata aliyefunga saumu anajaribiwa. Sasa, palipo na mifupa hapakosi panya. Mwezi wa Januari walikula waya za spika mbili na pembe ya zulia la madhabahu. Mama mmoja wa ushirika akatuletea paka dume, na kabla ya mwezi kwisha panya walikuwa wamehama. Watoto wa shule ya Jumapili wakampa jina Simba. Tukamshukuru Mungu.

Februari tulikuwa na kesha ya Ijumaa. Alfajiri, watu wakiondoka, nilitaka waya wa kuunganisha kinanda nijaribu wimbo fulani. Gitaa la besi la kijana wetu lilikuwa limesimama jukwaani, na kasha lake lilikuwa nyuma ya pazia. Nikalifungua, nikatoa waya, nikaenda zangu. Sikulifunga.

Niliporudi mchana nilimkuta Simba amejilaza ndani, na pembe moja imelowa. Nikamfukuza. Nikapangusa kwa tishu, nikanyunyizia marashi yangu ya Jumapili, nikafunga kasha na kubana vifungo vyote. Sikumwambia mtu. Nilijiambia, hili ni jambo dogo.

Mpendwa, sikujua mkojo wa paka ni kitu gani. Ukiwa mbichi haunuki sana, na ndiyo maana unadanganya. Lakini ndani yake kuna yurea, na bakteria wakiipata wanaigeuza kuwa amonia, ile inayochoma pua. Tena paka ana kitu chenye salfa kinachoitwa felinini. Dume ambaye hajahasiwa anacho kwa wingi, na kikivunjika ndipo ile harufu kali inatoka. Halafu kuna asidi ya yuriki. Hii inakauka na kuwa fuwele ndogo ambazo maji matupu hayaziyeyushi kwa urahisi. Zinakaa ndani ya sponji na mbao zikisubiri unyevu.

Mimi nilikuwa nimefungia unyevu ndani na kuweka marashi juu.

Februari na Machi kulikuwa na jua, harufu ikalala. Nikasahau, hata nikadhani nimesamehewa bila kuomba msamaha. Aprili mvua ilipoanza kupiga mabati, unyevu ukaiamsha. Sasa haikuwa mkojo peke yake. Ilikuwa mkojo na marashi, na hayo mawili yakiungana, heri mkojo.

Kijana wetu alikuwa akiweka mkanda wa gitaa ndani ya kasha hilo. Kila Jumapili aliutoa akauvaa begani. Kwa hivyo harufu ilimfuata hadi kwenye maikrofoni, na ikaonekana kama ni yake.

Mnajua anaishi peke yake, chumba kimoja cha mabati upande wa Ruiru mjini, na anaosha magari kutoka asubuhi hadi jioni. Watu hawakuuliza. Waliona viatu vyake, wakavuta pumzi, wakajumlisha wenyewe. Waimbaji wawili walisogea upande wa pili wa jukwaa. Jumapili moja mzee wa kanisa akamvuta kando na kumwambia, kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini, "Kijana, madhabahu ni mahali patakatifu. Uwe unaoga vizuri kabla ya kuja."

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilisikia kila neno, na nilijua ukweli. Nikafungua Biblia yangu nikajifanya natafuta andiko.

Jumapili iliyofuata hakuja. Tukaambiwa alibeba gitaa akalifunga kwa shuka, na kasha akaliacha. Tukaimba bila besi. Mtu mmoja akasema angalau hewa sasa itakuwa safi. Lakini kasha lilikuwa bado nyuma ya pazia, na hewa haikuwa safi. Hakuna aliyesimama kuuliza, mbona kijana ameenda na harufu imebaki?

Aliyeuliza ni yule mama aliyetuletea paka. Baada ya maombi ya akina mama alinifuata akasema, "Pasta, harufu hii naijua. Hii si ya mtu. Hii ni ya paka wangu. Ilianza lini?"

Wapendwa, sikuweza kunyamaza tena. Nikamwambia yote, kuanzia waya hadi marashi. Hakunikemea. Aliniambia tu, "Basi tulifungue tuone."

Mama huyu ana duka la M-Pesa, na ana ile taa ndogo ya zambarau ya kukagua noti bandia. Mkojo wa paka ukimulikwa na taa hiyo unang'aa. Tukazima stima, tukaifungua kasha, akamulika. Mimi nilidhani ni pembe moja. Kumbe doa lilikuwa limeshuka kwenye mshono, likapita chini ya kitambaa, likatokea upande wa shingo ya gitaa. Simba alikuwa amerudi pia kwenye pazia, kwa maana paka hurudi mahali ambapo harufu yake imebaki.

Lakini pale gizani kilichong'aa kuliko vyote kilikuwa shati langu jeupe. Mama akacheka, akanieleza kwamba sabuni za unga zina kitu cha kuzifanya nguo zionekane nyeupe zaidi, na taa hiyo inakiwasha. Mimi sikucheka. Nilisimama ndani ya nyumba ya Mungu, nimeng'aa kama malaika, na katika kanisa zima aliyekuwa na uongo ni mimi.

Kesho yake nikamwendea kijana pale anapoosha magari. Nilimkuta amepiga magoti akisugua rimu. Nikamwambia, "Kijana wangu, harufu ile haikuwa yako. Ni mimi niliyeacha kasha wazi. Nilijua tangu Februari, na siku uliyoambiwa ukaoge nilikuwa nimesimama pale."

Alinyamaza muda mrefu. Maji yakaendelea kumwagika kwenye mpira. Kisha akasema, "Pasta, mimi nilijua si mimi. Nilikuwa naoga mara mbili kabla ya kuja. Lakini baada ya ile siku nilianza kujinusa. Hata hapa kazini najinusa."

Neno hilo limekaa nami hadi leo.

Nikamwambia nitamnunulia kasha jipya. Akakataa. Lile lilikuwa la marehemu baba yake, na ndilo alilobaki nalo pamoja na gitaa. Akasema, "Lisafishwe. Na wewe uwepo likisafishwa."

Ndipo nikaisoma upya Walawi mlango wa 13, kuanzia mstari wa 47, sehemu ambayo wengi wetu tunairuka tukikimbilia kwingine. Pale kuna sheria ya vazi lenye pigo. Kuhani halinyunyizii manukato. Analitazama, analitenga siku 7, analitazama tena. Linaoshwa, linatengwa siku 7 nyingine. Pakififia, anararua kipande kile peke yake. Pigo likirudi, linachomwa. Likiwa limeondoka, linaoshwa mara ya pili ndipo linaitwa safi. Nilijiuliza, Mungu anahangaikia kitambaa kiasi hiki, sisi je, tunahangaikia mtu kiasi gani?

Tulifanya hivi, nje ya nyumba yangu, sisi watatu. Nawaandikia kwa utaratibu kwa sababu wengi wenu mna paka, na wengine mna makasha.

Kwanza mimi nilitaka kumwaga dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Mama akanishika mkono. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya sumu inayoumiza mapafu. Wapendwa, msijaribu. Maji ya moto nayo tuliyaacha, kwa kuwa joto linaweza kuishikisha harufu zaidi.

Tukatoa kila kitu ndani. Gitaa tuliliweka mbali kivulini, maana jua kali na maji ni adui wa mbao zake. Tukarudi na ile taa usiku, tukazungushia kila doa chaki. Asubuhi tukabandua kitambaa na sponji mahali palipowekwa alama tu. Sponji iliyokunywa mkojo kwa miezi haina tena msaada, tukaitupa.

Chini yake kulikuwa na plaiwudi, imebadilika rangi. Hatukuilowesha, kwa sababu gundi yake ingeachia. Tuliipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Kisha tukapaka dawa yenye vimeng'enya, inayouzwa kwa ajili ya wafugaji wa paka na mbwa. Hiyo haifuniki harufu. Inavunjavunja chenyewe kinachonuka. Lakini haitaki haraka. Ukipaka na kufuta papo hapo umepoteza pesa. Tuliweka kitambaa chenye unyevu juu yake kikalala usiku kucha.

Mkanda wa gitaa tuliuloweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu, maana siki hutuliza amonia, tukaufua na kuuanika. Kasha lilipokauka tukalinyunyizia soda ya unga, ile ya kuumulia mandazi, ikalala humo usiku mmoja, tukaipiga brashi ikatoka. Mchana tukaliacha wazi juani.

Halafu tukafunga na kungoja siku 7. Siku ya tano mvua ilinyesha. Siku ya saba kijana akafungua, akainama, akanusa, akasema, "Iko. Kidogo, lakini iko."

Mimi nilikuwa tayari kusema imeisha. Lakini pua iliyoumizwa ndiyo iliyokuwa na haki ya kuamua, si yangu. Tukarudia kazi yote, tukangoja siku 7 nyingine. Safari hii alinusa mara tatu, akasema, "Imetoka." Ndipo tukapaka mbao vanishi nyembamba, na fundi wa makochi akatuwekea sponji na kitambaa kipya. Vanishi huja baada ya kuosha. Ikitangulia, ni yaleyale marashi yangu.

Simba hatukumfukuza. Daktari wa mifugo alimhasi, kwa kuwa dume akihasiwa tabia ya kunyunyiza mkojo hupungua sana. Paka alifanya analofanya paka. Aliyeacha kasha wazi ni mimi.

Jumapili hiyo sikuhubiri kwanza. Nilisimama chini ya jukwaa, si juu, nikawaeleza mliokuwepo kama nilivyowaeleza leo. Yule mzee wa kanisa alitoka kwenye kiti chake, akaenda hadi kwa kijana, akashindwa kusema, akamshika mkono. Waimbaji wawili walilia.

Ningependa kuwaambia kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Hapana. Kijana amerudi, besi imerudi, na mabati yanatetemeka tena tukisifu. Lakini kabla ya ibada namwona nyuma ya pazia. Anafungua kasha, anainama, ananusa. Kisha anageuza uso kidogo na kunusa bega lake, akidhani hakuna anayemwona. Kasha lilichukua wiki mbili na zaidi. Yeye bado, na mwenye deni hilo ni mimi.

Mpendwa, labda leo kuna mtu amebeba harufu yako. Mfanyakazi wa nyumbani aliyefukuzwa kwa pesa ambazo baadaye ulizipata mfukoni mwako. Mke wa ndugu yako anayesemwa kwa maneno uliyoyaanzisha wewe. Mtoto aliyechapwa kwa kosa lako. Ulinyamaza, ukaweka marashi, na kwa kuwa ni kiangazi unadhani imeisha. Mvua itanyesha. Soma Mithali 28:13 taratibu, usome mara mbili.

Usianze kwa kufunga siku tatu. Anza kwa kumwendea. Mwambie, "Harufu ile haikuwa yako." Ukishamaliza hapo ndipo uje tuombe pamoja.

Na mkikutana na kijana wetu Jumapili, msimwonee huruma wala msimwulize habari hizi. Msalimieni kwa mkono, mkae karibu naye. Hiyo inatosha.

Tuombe. Baba, tupe ujasiri wa kufungua tulichofunga kikiwa kimelowa. Ponya waliobeba aibu yetu. Rudisha majina yao mikononi mwao. Katika jina la Yesu, Amina.

Ibada ya kwanza ni saa mbili asubuhi. Mje mapema, kasha la besi litakuwa wazi mbele, na mnaruhusiwa kunusa.

Ni mimi mtumishi wenu, ambaye bado anajifunza. Mbarikiwe.