Mng'ao wa Ziwa

Desemba 1970 nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu katika mwalo wa Kirumba ilikuwa kupangusa vioo vya karabai za baba. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa hiyo mchana wavuvi walilala, mimi nikabaki na matambara yangu na jua lililotapakaa juu ya ziwa. Siku moja nilimwuliza baba kwa nini mwanga wa majini unachoma macho namna ile. Akasema, "Hayo ya wazungu, mwanangu. Pangusa kioo." Sikuuliza tena.

Tarehe 12 mwezi huo mbalamwezi ilikuwa kamili, mitumbwi imepumzika. Mchana wake, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kutafuta eksirei za angani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru, ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kilimetameta upesi mno hata wataalamu wakashuku kuna shimo jeusi. Haya yote niliyasoma uzeeni.

Siku hizi Kirumba karabai zimepisha taa za sola. Hakuna kioo cha kupangusa. Jibu la swali langu nalo lilichelewa. Mjukuu aliniletea miwani ya jua, nikaivaa pale mwaloni: mng'ao ukafutika, nikaona mawe chini ya maji. Nikainamisha kichwa begani, mng'ao ukarudi. Kumbe mwanga ni mawimbi, na mawimbi hutikisika. Ya jua hutikisika pande zote, lakini yanayorudi kutoka majini mengi hutikisika kwa ulalo, na ulalo huo ndio miwani inaouziba. Wataalamu huuita mpangilio huo polaraizesheni.

Eksirei nazo ni mwanga, lakini hazina miwani, na hewa yetu huzimeza kabla hazijatufikia. Basi wataalamu hupandisha darubini kwa puto la heli. Julai 2024 puto la XL-Calibur liliruka kutoka Esrange, kaskazini mwa Sweden, likaelea kama kilomita 40 juu hadi Kanada, limebeba darubini yenye urefu wa mita 12. Ndani yake mna kijiti cha berili. Eksirei ikikigonga huchepuka, na hupendelea kuchepuka kwa kukingama na mtikisiko wake. Vigunduzi vinavyokizunguka huhesabu zilizoangukia kila upande. Miongoni mwa vilivyotazamwa ni Cygnus X-1 ileile iliyoorodheshwa na Uhuru. Zamani walihesabu mwanga wake. Sasa wanauliza umelalia wapi.

Na tarehe 9 Desemba 2021, saa tatu asubuhi kwa saa zetu, Tanganyika ikitimiza miaka 60 ya uhuru nami umri huohuo, Marekani ilirusha setilaiti ya IXPE kwa kazi kama hiyo. Data zake hupokelewa Malindi. Safari hii hakuna aliyeiita Uhuru.

Baba alivua miaka arobaini kwa macho matupu na hakuwahi kuyaona mawe yale. Simlaumu, alikuwa na karabai za kuwasha. Najilaumu mimi niliyeacha kuuliza. Msomaji, mtoto akikuuliza habari za mng'ao, kiweke kioo pembeni kwanza.