Shazia ya Mama

Nyumba yetu ya Nkoma, kaskazini mwa mji wa Mbale, ilikuwa na vyumba viwili, kuta za matofali ya kuchoma na paa la mabati. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilikuwa kimefunguliwa upande huo mwaka 1988, na Mama aliuza mahindi na maharagwe kwa waliokuja kupanga. Magunia aliyaegemeza ukutani chumbani mwetu, nasi watoto tukilala kando yake.

Mwezi wa Agosti, mahindi yakishavunwa na mashamba kubaki mabua matupu, panya walihamia kwetu. Usiku tuliwasikia wakikimbia juu ya ukuta, chini ya mabati, kisha kimya, kisha meno kwenye gunia. Asubuhi Mama alichukua shazia na uzi wa katani, akaketi mlangoni kushona matundu. Punje zilizonuka mkojo hakuziuza, alizimwaga. Ada zetu za shule zilikuwa ndani ya magunia yale.

Tulifuga paka. Alikamata wawili watatu, wakaja wengine, maana panya hubeba mimba wiki tatu tu, kisha huzaa watano au sita kwa mpigo. Tukaweka sumu. Panya aliyeila alikwenda kufia uani, paka akamla, naye tukamzika nyuma ya choo. Tangu siku hiyo siitaki sumu katika nyumba yenye watoto.

Aliyetusaidia ni jirani, mzee fundi mwashi. Alikuja saa sita mchana, jua la utosi, akatuambia tufunge milango na madirisha, tukae gizani.

"Binti yangu," akamwambia Mama, "panapoingia mwanga ndipo wanapoingia."

Mwanga ulikuwa kila mahali: chini ya mlango, pembeni mwa dirisha, na juu ya kuta, ambako kila wimbi la bati liliacha upenyo wake. Mzee akatoa kalamu mfukoni, akaichomeka tundu kwa tundu. Kalamu ikipita, alisema, panya mdogo hupita; kichwa kikishapenya, mwili hufuata.

Matambara tuliyozibia zamani yalikuwa yametafunwa yote. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua, kwa hiyo hutafuna hata asichokula. Mzee alikandika saruji iliyochanganywa na chupa zilizopondwa, na chini ya mlango akapigilia bati la debe la mafuta. Magunia tukayapandisha juu ya mbao, mbali na ukuta, kama ghala za vijijini zinavyokaa juu ya nguzo.

Usiku ule meno yakasikika tena. Mama alilia. Mzee akamtuliza: hao ni waliofungiwa ndani, hawana wenzao wa kuwafuata. Tukatega mitego kwa karanga, tukiibana na ukuta, maana panya hupita ukutani. Siku ya tano mitego ilibaki na karanga zake.

Mavuno yaliyofuata, Mama alipotaka kushona midomo ya magunia mapya, tuliikuta shazia dirishani imeshika kutu.