Kinanda au Kompyuta?

Kama hujapiga kinanda Uwemba usiku wa Julai, baridi huijui. Vidole vinakuwa kama vya kuazima. Mwaka 2022 tulikuwa watatu: mimi kwenye kinanda, binamu yangu kwenye besi, na mshikaji mmoja kwenye ngoma. Tulipiga kwenye harusi na send-off, Njombe mjini, mara nyingine hadi Makambako. Mshiko tuligawana mafungu matatu sawasawa.

Kinanda changu kilikuwa kimechoka, vitufe vitatu vilishakuwa bubu. Tulipouza viazi mama akanipa laki sita. "Mwanangu, nunua unachotaka," akasema, "lakini kikulishe."

Laki sita ilitosha kinanda cha mtumba au laptop ya mtumba. Sio vyote viwili. Kichwani nilikuwa na masela wa singeli wa Dar, wale wa Sisso kule Mburahati, ambao albamu yao ya mwaka 2017 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wale hutumia kompyuta na kuvusha mapigo 200 kwa dakika, hadi Ulaya wanaitwa. Kwa nini mimi nibebe kinanda kwenye bodaboda?

Lakini kulikuwa na hesabu nyingine ambayo sikuisema kwa sauti. Laptop ina besi ndani yake. Ina ngoma. Mafungu matatu yangekuwa moja.

Basi nikaazima laptop kwa fundi mmoja Makambako nikaijaribu kwenye harusi, peke yangu. Wenzangu niliwaambia shughuli ni ndogo. Kumbe wote wawili walikuwa wamealikwa.

Mwanzoni mambo yalikuwa poa. Kasheshe ilianza nilipounganisha kile kinanda cha zamani ili nipige juu ya mdundo. Nikibonyeza, sauti inachelewa. Sababu niliielewa baadaye: kompyuta hukusanya sauti kwanza ndipo iitoe. Ikikusanya sampuli 2,048, kwa mwendo wa 44,100 kwa sekunde, inachelewa karibu milisekunde 46. Ni kidogo kwa saa ya ukutani, ni nyingi kwa mkono. Ukipunguza hadi 512 inabaki kama 12, ila mashine dhaifu inaanza kukwaruza.

Halafu umeme ukakatika. Laptop haikuzima, ina betri yake. Spika ndizo zilizozima. Nikabaki nimesimama gizani, uso unang'aa kwa mwanga wa skrini, muziki unatembea mle ndani na hakuna anayeusikia.

Shangazi wa bibi harusi akaanzisha wimbo. Akina mama wakaitikia. Yule mshikaji wangu wa ngoma akainuka, akapindua ndoo, akaanza kuipiga. Bibi harusi alipotoka wakapunguza mwendo wamsubiri, na ndoo ikapunguza nao. Umeme uliporudi nilikuwa na mdundo wangu wa mapigo 110, nimeupanga tangu mchana. Nikajaribu kuwadaka, nikashindwa. Nikaufunga.

Binamu alinisaidia kukunja nyaya. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hii ndiyo shughuli ndogo?"

Utadhani nilinunua kinanda. Hapana, nilinunua laptop. Vijana wanataka singeli, na kinanda changu hakina sauti hizo. Kosa halikuwa la mashine. Mimi nilijidai nachagua kati ya vyombo viwili, kumbe nilikuwa nachagua kati ya pesa na watu.

Sasa laptop inatoa zile sauti tusizo nazo, besi ni ya binamu, na mafungu yamerudi matatu. Fungu la ngoma nilimpelekea mshikaji nyumbani kwao baada ya shughuli ya kwanza, ingawa hakuja kupiga. Alilitazama, akanirudishia.

"Siku ukinihitaji mimi, sio ndoo, niite," akasema.

Nimeshamwita mara mbili. Bado nalitunza fungu lake.