Anga ya Juba na Sahani ya Ng'ambo

Ukifika Juba katika msimu wa mvua, kati ya Aprili na Oktoba, usitaraji kuona nyota kila usiku. Mawingu huufunika mlima wa Jebel Kujur, na mji huu wa ukingo wa magharibi wa Nile hubaki na ngurumo za jenereta. Ungedhani somo la nyota limekwisha. Sivyo.

Huko Onsala, Sweden, ziko darubini za redio ambazo wanafunzi wa nchi yoyote huziendesha kwa intaneti, bila malipo. Kila sahani ina upana wa mita 2.3. Askari aliyezoea simu ya upepo ataelewa upesi: mwanafunzi huelekeza antena, kisha hunasa mawimbi ya gesi ya haidrojeni, karibu na megahezi 1420. Mawimbi hayo hupenya mawingu, hata mchana. Yakipanda kidogo, gesi inatujia, yakishuka, inatukimbia. Kwa vipimo hivyo huchorwa mikono ya galaksi yetu.

Ipo kasoro, tena kubwa. Onsala iko kaskazini mno, na kitovu cha galaksi huchungulia tu kwenye upeo wake. Juba, nyuzi 5 hivi kutoka Ikweta, kitovu hicho hupanda kupita nyuzi 50. Mtoto wa Juba, basi, huazima jicho lisiloona vema anga ya kwao. Ndiyo maana wakuu wa elimu wangefanya vema kuitazama Ghana: mwaka 2017 ilizindua darubini ya redio pale Kuntunse, nayo ni sahani kuukuu ya simu, yenye upana wa mita 32.