Kabla Mama hajafikisha 65: hesabu za matibabu ya wazee, Iowa na Dzaleka

Mama na dada yake wanameza kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, amlodipini. Mama anakimeza Des Moines, Iowa. Mama Mkubwa anakimeza kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Wote wawili walikimbia Fizi, Kongo, na mpaka kesi ya Mama ya kuhamia Marekani ilipokubaliwa walikuwa wakichota maji kwenye bomba moja. Leo kinachowatofautisha ni njia ambayo kidonge hicho kinapita hadi kuwafikia, na mtu anayekilipia.

Nawaandikia tuliotoka Dzaleka tukafika Marekani na wazazi waliokaribia miaka 65. Naona familia zikiingia hasara ambayo ingeepukwa kwa kukaa mezani jioni moja na makaratasi, na inaniuma.

Malawi hakuna bima ya taifa ya afya. Huduma katika vituo na hospitali za serikali ni bure, na mkimbizi anayefika kituo cha afya cha Dzaleka anapanga foleni moja na Mmalawi wa kijiji cha jirani, kwa sababu kituo kinahudumia kambi pamoja na vijiji vinavyoizunguka. Huulizwi kadi ya uanachama wala tarehe uliyojiandikisha. Unachotakiwa kuwa nacho ni kile kijitabu cha hospitali, helsi pasipoti, ambacho mgonjwa anakitunza mwenyewe. Cha Mama Mkubwa kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, pembe zimelika, namba za presha zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, nyeusi, nyingine nyekundu, na maandishi ya kila nesi yana mkono wake. Hiyo ndiyo historia yake yote ya ugonjwa. Kikilowa mvua, daktari anaanza upya.

Wazee wetu waliishi na mfumo huo miaka mingi: unaumwa, unakwenda, unasubiri, unatibiwa. Hakuna barua inayokufuata nyumbani. Kwa hiyo bahasha ya Social Security, ofisi ya serikali ya mafao ya wazee, ikifika hapa Des Moines, mzee anaiweka juu ya friji pamoja na matangazo ya maduka, akingoja mjukuu atakayeisoma. Wakati mwingine mjukuu anakuja miezi ikiwa imeshapita.

Medicare ni bima ya serikali kuu ya Marekani, hasa kwa wenye miaka 65 na kuendelea, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Sehemu A inalipia kulazwa, B inalipia daktari na vipimo, D inalipia dawa. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa robo mwaka 40, yaani kama miaka 10, halipi ada ya A. Sasa fikiria mzee aliyeshuka kwenye ndege akiwa na miaka 61. Hata akianza kazi ya kufungasha nyama wiki inayofuata, hawezi kuzifikisha kabla ya 65. Akiwa na grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, na ameishi nchini miaka 5 mfululizo, anaruhusiwa kuinunua, lakini mwaka 2026 sehemu A peke yake ni dola 565 kwa mwezi kwa asiyefikisha robo 30. Ada ya kawaida ya B ni dola 202.90 kwa mwezi. Mwaka 2025 ilikuwa 185. Sijui familia ya Dzaleka inayoweza kubeba hizo mbili kwa mzee mmoja, achilia mbali baba na mama pamoja.

Ndiyo maana wazee wetu wengi hutegemea Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ambayo kila jimbo linaiendesha kwa masharti yake. Tena mzee mwenye kipato kidogo anaweza kuomba jimbo limlipie hata ile ada ya Medicare. Msaada huu haujiwashi wenyewe. Lazima uombwe, na watu hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia upo. Kila jimbo lina washauri wa bure wa bima ya wazee, mpango unaoitwa SHIP, na simu ya Medicare, 1-800-633-4227, inatoa mkalimani ukitaja lugha yako. Sema "Swahili", kisha subiri.

Sasa nije kwenye tarehe ya kuzaliwa, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Wengi wetu kwenye karatasi za HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, tumezaliwa tarehe 1 Januari. Mama alizaliwa msimu wa mvua, mwaka wa mihogo mingi, na karani akaandika 1 Januari. Medicare inampa mtu miezi 7 ya kujiandikisha: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Lakini sheria inahesabu kwamba mtu ametimiza umri siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Aliyeandikiwa 1 Januari anatimiza 65 tarehe 31 Desemba, kwa hiyo mwezi wake ni Desemba. Dirisha lake linafunguka 1 Septemba na kufungwa 31 Machi. Anayehesabu kuanzia Januari anadhani ana Aprili nzima mkononi, na Aprili mlango umeshafungwa. Atasubiri hadi Januari inayofuata, dirisha la wote linapofunguliwa tena, na kila miezi 12 kamili ya kuchelewa inaongeza asilimia 10 kwenye ada ya B, maisha yake yote. Mzee ambaye jimbo linamlipia ada ananusurika na faini hiyo. Lakini mzee anayefanya kazi kidogo, kipato kimepita kidogo tu kiwango cha jimbo, faini inamkaa mwenyewe.

Kuna jambo jipya zaidi ambalo lazima lisemwe kanisani, msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye orodha ya wanaostahili Medicare. Kwa Medicaid ya fedha za serikali kuu, katazo kama hilo linaanza 1 Oktoba 2026. Mkimbizi anaweza kuomba grini kadi akimaliza mwaka mmoja nchini. Familia nyingi huahirisha, wanawatanguliza vijana wanaotafuta kazi, wazee wanabaki nyuma kwa kuwa "hawaendi popote". Safari hii watangulizeni wazee.

Na kuna SSI, pesa ya mwezi ya wazee wasio na kipato au wenye kidogo sana, ambayo katika majimbo mengi ndiyo inayomwingiza mzee kwenye Medicaid. Mkimbizi anaipata miaka 7 tu, kisha inakatika kama hajawa raia. Kama ugonjwa unamzuia mzee kujifunza Kiingereza na maswali ya uraia, daktari anaweza kumjazia fomu N-648. Anzeni mapema, miaka saba inakwisha haraka.

Nikifika hapa, kuna wanaosema: afadhali Malawi, bure ni bure. Nakubali nusu. Heshima ya kutibiwa bila kuulizwa kadi ni kubwa, na nchi maskini kuliko nyingi imeishika kanuni hiyo. Ila bure inaishia kwenye meza ya daktari. Upungufu wa dawa katika vituo vya serikali Malawi unajulikana, na dawa ikikosekana mgonjwa anaandikiwa akanunue dukani. Mgao wa chakula kambini ulishapunguzwa. Mwenye presha na sukari anachagua kati ya mafuta ya kupikia na vidonge.

Akipewa rufaa, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kutoka Dzaleka unapelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Kamuzu Central, Lilongwe. Mzee haendi peke yake. Wodini Malawi kila mgonjwa ana mtu wa kumuuguza, anayempikia, kumfulia, kumnunulia kinachokosekana. Mama Mkubwa alipopewa miadi ya macho walilala mtaa wa Mtandire, Lilongwe, kwa binamu yetu aliyeolewa na Mmalawi, chumba kimoja, watoto wakahamia sakafuni. Tangu amri ya mwaka 2023 iliyowarudisha wakimbizi wa mjini kambini, nyumba za kufikia Lilongwe zimepungua, na kutoka kambini kunahitaji ruhusa. Weka nauli ya minibasi ya watu wawili, kabaza, ile baiskeli au pikipiki ya abiria, hadi mlangoni, chakula cha siku zote hizo, na yule anayeuguza ameacha biashara yake ya mandazi. Hakuna anayeiita bima, lakini hiyo ndiyo gharama, na inatoka kwetu kwa simu ya usiku.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Rwanda, familia hulipa mchango wa kila mwaka kwa kila mtu kwenye mituweli, bima ya afya ya jamii. Tanzania, sera ya wazee ya 2003 iliwasamehe malipo ya matibabu wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kenya ilihama bima ya taifa ya NHIF kwenda mpya ya SHA Oktoba 2024. Malawi bado inashika bure, na mimi siwezi kumsubiri Mama Mkubwa azeeke zaidi huku mjadala ukiendelea. Kwetu tumeacha kutuma pesa wakati wa dharura tu. Ndugu wote tunachanga kila mwezi, pesa hiyo inanunua vidonge vya miezi miwili kwa pamoja, kinachobaki kinakaa kwa binamu Mtandire kama akiba ya rufaa. Mama Mkubwa anatutumia picha ya ukurasa wa mwisho wa kijitabu, tunaona presha imefika ngapi.

Mama sasa anataka kwenda kumwona dada yake. Kabla hujamkatia mzazi tiketi, jua kwamba Medicare kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani, na SSI inasimama mtu akikaa nje siku 30 mfululizo. Tumepanga safari ya wiki tatu, mwezi wa saba, vidonge vikiwa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, na pesa ya kutosha kumwachia Mama Mkubwa anunue vyake.